Dhoruba Arobaini Kwenye Foleni

Kambini, kaskazini mwa Alberta
Jumamosi, 3 Machi 2018

Mdogo wangu Rémi,

Hujambo? Habari za Halifax, na habari za kifua chako? Kile kikohozi cha Krismasi kimekwisha, au bado unatembea nacho kama mbwa wa nyumbani? Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi huamka kabla yangu.

Tulifika Jumanne. Kiwanda cha hapa kitazimwa mwezi ujao kikarabatiwe, na kabla hakijazimwa sisi wajenzi wa majukwaa ya kupandia lazima tuizungushie mabomba yetu minara yote, maana mafundi wengine watapanda juu ya kazi yetu. Baridi ni nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri. Ukishika bomba bila glavu unaliachia ngozi. Chakula si kibaya: nyama, viazi, halafu nyama. Juzi mpishi alinipa supu ya kuku akaapa kwamba hiyo ndiyo fricot, mchuzi wetu wa kuku wa nyumbani. Niliinywa kwa adabu.

Sasa niambie habari za upepo wako. Nakumbuka ulivyonieleza jikoni kwa shangazi Lucille: maprofesa wanne watakaa tarehe 12 Juni, na ukifika mbele yao bila hesabu za dhoruba zako, watafuta jina lako chuoni na miaka mitano itakuwa imekwenda bure. Tangu uliponiambia silali vizuri, sikufichi. Umefikia ngapi katika zile arobaini? Usinipe maneno ya kisomi, unajua mimi niliishia darasa la tisa. Nipe namba tu, kama ninavyompa msimamizi wangu hesabu ya ngazi.

Na usinipigie simu. Ukuta wa chumba changu ni mwembamba kiasi kwamba jirani akigeuka kitandani, nami nageuka. Niandikie barua pepe, nitaisoma kwenye simu.

Dada yako,
Odette


Halifax, Jumapili, 11 Machi 2018

Dada Odette,

Salamu nyingi, na pole kwa magoti na kwa hiyo supu. Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha, au kimehamia kwa mwenzangu wa chumba cha pili, maana sasa nakisikia kwa mbali.

Namba ulizotaka: tisa zimekwisha. Bado thelathini na moja.

Kosa si langu peke yangu, dada, ni foleni. Hesabu ya dhoruba moja ya suête, ule upepo wetu mkali wa kusini-mashariki, ni kubwa mno kwa kompyuta ya mezani. Lazima nijenge mlima wetu wote ndani ya mashine, kisha niushushe upepo kutoka juu hadi kwenye nyumba za kwetu Chéticamp, hatua kwa hatua, nione unapiga wapi kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo tunatumia mashine ya pamoja: kompyuta karibu mia nane zilizofungwa pamoja kwenye chumba cha chini, mali ya vyuo sita. Humwoni mtu pale. Unaandika fomu ya mistari michache: nataka kompyuta kumi na sita, kumbukumbu kiasi hiki, kwa saa kadhaa. Unaituma, unapewa namba ya kazi yako, unaingia kwenye foleni. Nikiangalia asubuhi imeandikwa inasubiri. Nikiangalia mchana inasubiri. Siku kumi na moja ilisubiri ile ya mwisho. Na hapo hapo kuna msichana wa kemia anayetuma vijikazi vya saa mbili mbili, na vyote vinanipita kama mimi ni nguzo ya umeme.

Mimi naomba siku saba kwa kila dhoruba. Hesabu yenyewe huchukua siku nne na nusu hivi, lakini mwaka juzi niliomba tatu, na saa ilipofika mashine ikakata kazi pale pale. Kila kitu kilipotea. Tangu siku hiyo naomba siku saba, ambazo ndizo nyingi kuliko zote wanazoruhusu, na nalala salama.

Kula vizuri, na uwe mwangalifu huko juu.

Mdogo wako,
Rémi


Kambini, Jumapili, 25 Machi 2018

Mdogo wangu,

U mzima? Mimi sijambo. Leo nimepewa mapumziko, ya kwanza baada ya siku kumi na nne. Nimefua, nimenyoosha miguu, nimesoma barua yako mara mbili.

Umenichekesha na foleni yako. Unalia kama Clyde. Sijui kama nimewahi kukusimulia habari za Clyde. Ni jitu la futi sita na nusu, fundi hodari kabisa, na kila msimu yupo kwenye ukumbi wa chama chetu cha wafanyakazi akinung'unika. Unajua tunavyopata kazi: kuna orodha, na ukitoka kazini jina lako linakwenda chini kabisa, unapanda polepole kadiri wa juu yako wanavyoitwa. Clyde anataka kazi ndefu tu. Wakiita mtu wa siku tatu, anageuza uso. Wakiita mtu wa wiki, anasema yeye si kibarua. Basi anakaa kwenye kile kiti cha plastiki tangu Septemba hadi theluji, na kila anayepita na mkoba wake anamlaani kwamba ana mjomba ofisini. Mjomba hayupo. Watu wanachukua kazi fupi, na kazi fupi kwetu hazikushushi kwenye orodha.

Ndiyo maana nakuuliza, na usinikasirikie: kazi ya siku nne na nusu unaiombea siku saba za nini? Mimi nikimwambia msimamizi nataka kreni siku saba kwa kazi ya siku nne, ataniambia ningoje mpaka kreni ikose kazi kabisa. Na atakuwa na haki.

Hapa tumemaliza mnara wa tatu. Jana nilipiga kidole gumba kwa nyundo, kile kile cha siku zote. Nadhani nyundo sasa inakijua kwa jina.

Dada yako,
Odette


Halifax, Alhamisi, 5 Aprili 2018

Dada,

Habari za kazi? Mimi mzima wa mwili.

Kwa heshima zote, mashine si ukumbi wa chama, na mimi si Clyde. Tafadhali usinifundishe kitu ambacho nimekifanya miaka mitano.

Samahani. Nimeanza vibaya. Nimekasirika na nafsi yangu, nakutupia wewe. Kuna jambo nimelifanya. Mashine ile ina mlango, yaani kompyuta moja ambayo kila mtu huingilia ili kuandika fomu zake na kupanga mafaili yake. Ni kama ukumbi wa kupokelea wageni. Hairuhusiwi kufanyia kazi pale, na kila mtu anaijua sheria hiyo. Jumatatu nilichoka kusubiri, nikaendesha dhoruba yangu hapo hapo mlangoni. Nilijiambia ni ya kujaribu tu. Kwa muda wa saa moja watu wa vyuo sita hawakuweza hata kuingia.

Anayeitunza mashine ni mama mmoja anaitwa Wanda MacIsaac, kwao Mabou, saa moja tu kutoka kwetu. Nilikuwa namwogopa tangu zamani, maana aliwahi kuniandikia onyo kwa kujaza nafasi ya kuhifadhia mafaili. Safari hii hakuonya. Alinifungia siku kumi. Dhoruba zangu mbili zilizokuwa kwenye foleni zimefutwa.

Usinijibu kwa ukali, nimeshajijibu.

Mdogo wako,
Rémi


Kambini, Jumapili, 22 Aprili 2018

Mdogo wangu Rémi,

Umelala salama? Nilikujibu tarehe 8, nikakuandikia tena tarehe 15, hujanijibu hata mstari. Siku kumi za kifungo zimekwisha zamani. Sikukukasirikia. Kama nilikuumiza kwa habari za Clyde, basi mtoe Clyde, tumsahau.

Kiwanda kimezimwa wiki iliyopita. Huwezi kuamini ukimya wake. Kwa mwezi mzima kilikuwa kikinguruma mpaka unakisikia kwenye meno, halafu asubuhi moja, kimya, na unasikia mtu akikohoa ghorofa ya tano. Tuko watu elfu mbili hapa na kila mmoja anamsubiri mwingine apite.

Shangazi Lucille anasema hukwenda nyumbani Pasaka. Aliniambia alikuwekea pâté, ile pai yetu ya nyama, kwenye barafu. Niambie tu kama unakula.

Dada yako anayekusubiri,
Odette


Kambini, Jumatano, 2 Mei 2018

Rémi,

Nakusalimu. Nimempigia mwenzako wa nyumba. Anasema upo, unatoka asubuhi na kurudi jioni, huongei. Basi angalau najua u hai. Kama Jumapili sijapata neno lako, naomba ruhusa na kupanda ndege, kazi ipotee ikitaka kupotea. Unajua sitishi watu kwa maneno matupu.

Dada yako


Halifax, Jumapili, 6 Mei 2018

Dada Odette,

Shikamoo. Nisamehe. Usipande ndege.

Mzima nipo. Kila siku nilifungua barua zako nikaanza kujibu, nikafika mahali pa kukupa namba, nikafunga.

Zimekwisha ishirini na tatu. Bado kumi na saba. Kwa mwendo wa kawaida pengine ningefika karibu. Lakini wiki mbili zilizopita Wanda alitutangazia wote: Jumatatu tarehe 28 Mei, saa mbili asubuhi, mashine nzima itazimwa kwa wiki tatu, wabadilishe mitambo ya kupoza. Kazi yoyote ambayo muda ulioombwa unavuka saa hiyo haitaanzishwa. Mimi naomba siku saba. Maana yake baada ya tarehe 21 hakuna dhoruba yangu itakayoanza kabisa. Na kwa sababu mashine inakumbuka nani ametumia kiasi gani, na mimi nimetumia sana, nimeshushwa. Nikipata sita kabla ya hapo nitakuwa na bahati. Ishirini na tisa kati ya arobaini. Maprofesa walishasema mwaka jana kwamba hawataongeza muda tena.

Kwa hiyo nimefikiri kwa utulivu, na hili si neno la hasira. Naomba uniandikishe kwenye ukumbi wa chama. Nina miaka ishirini na saba na mikono mizuri. Nitaanza chini, nitabeba mabomba, nitakuja huko huko uliko. Wewe utapumzika. Dada, nimechoka kuketi kwenye kiti cha joto huku ukipanda minara kwa ajili yangu, halafu nakaa nisikupe hata namba.

Mdogo wako,
Rémi


Kambini, Jumatatu, 7 Mei 2018

Rémi, mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru u mzima. Nimesoma barua yako kwenye basi la asubuhi, nikaisoma tena kwenye mapumziko ya chai, na sasa nimekula upesi ili nikujibu. Kaa chini usome pole pole, naandika kwa kidole kimoja na kingine kimefungwa bendeji.

Kwanza, kukuandikisha. Naweza. Yule wa ofisini tunafahamiana miaka kumi na miwili na namba yake naijua kwa kichwa. Sitaipiga. Ukitaka kuja, njoo mwenyewe, jiandikishe kama mgeni yeyote, na mimi sitakusemea.

Pili, unasema napanda kwa ajili yako. Nikatae nini, ni kweli. Mama alipokufa ulikuwa na miaka minne na mimi kumi na mitano, na hakuna aliyeniuliza kama nataka kuacha shule. Lakini kuja huku magharibi nilichagua mwenyewe. Kila nikipanda ngazi nikiwa sijisikii kupanda, nina jambo moja la kujiambia: kuna mtu wetu mmoja anayejua upepo ule unatoka wapi. Ukija hapa ukashika bomba lingine kando yangu, mimi nitajiambia nini? Hutanipumzisha. Utaniacha napanda bila sababu.

Tatu, na hapa unisikilize kama msimamizi wako, si kama dada. Mambo ya kuzima mashine nayajua mimi. Nimefanya kazi kwenye viwanda ishirini na kimoja vilivyozimwa. Nakwambia wiki mbili za mwisho kabla ya kuzima zilivyo: kazi ndefu zote zinakataliwa, wenye kazi ndefu wote wanakwenda kukaa, na kila mahali panabaki mapengo. Kreni haina mtu kwa saa tano hapa. Genge la mafundi limesimama kwa saa sita pale. Msimamizi anazunguka akitafuta nani ana kazi ndogo ya kujaza. Mtu mwenye kazi ndogo ndogo siku zile ni mfalme. Msichana wako wa kemia anajua hivyo.

Utaniambia dhoruba haikatiki. Mimi najiuliza kwa nini. Jukwaa la mnara mmoja tunalijenga siku tisa. Jioni zamu ikiisha silibomoi ili kesho nianze upya. Naandika kwenye daftari la zamu: ngazi ya nne, upande wa mashariki, vibano kumi na viwili havijakazwa, ubao mwekundu usikanyagwe. Wenzangu wanaokuja wanasoma, wanaanzia hapo hapo. Je, hesabu yako haiwezi kuandika daftari kila baada ya saa chache, zamu inayofuata ikasoma? Kama haiwezi, nimesema upuuzi na uniambie.

Nne, nenda kwa Wanda. Usimwandikie. Nenda kwa miguu yako, mchana, na umwombe radhi kwanza kabla ya kuomba kitu. Mwambie wewe ni wa Chéticamp. Mpelekee ile pâté ya shangazi. Mtu wa Mabou hawezi kukufukuza ukiwa umeshika pâté.

Ukishindwa baada ya hapo, umeshindwa, na bado wewe ni wangu. Lakini usishindwe ukiwa umejificha chumbani.

Dada yako,
Odette


Halifax, Jumapili, 13 Mei 2018

Dada Odette,

Shikamoo, na heri ya Siku ya Mama. Kila mwaka nakuandikia wewe siku hii, na mwaka huu nina kitu cha kusema zaidi ya asante.

Barua yako iliniuma siku nzima. Jumatano niliendesha gari mpaka nyumbani, nikala, nikachukua pâté mbili, Alhamisi saa nne asubuhi nikabisha kwa Wanda. Ofisi yake haina dirisha na ana feni tatu mezani, ingawa chumba chenyewe ni baridi. Nilimwomba radhi kwa siku ile ya mlangoni. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza pâté ni ya nani, nikamwambia, akasema mama yake alikuwa akinunua samaki kwa baba yake shangazi Lucille. Ndipo akanivutia kiti.

Nikamweleza habari za daftari la zamu, kama ulivyoandika. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mwenzake aliyebeba baiskeli begani miaka mitatu akidhani haina magurudumu. Dada, programu yangu ina daftari hilo tangu siku ya kwanza. Ni mstari mmoja tu. Mimi ndiye niliyeuzima, mwaka ule Wanda aliponionya kwamba nimejaza nafasi ya mafaili. Daftari ndilo lililokuwa likijaza. Badala ya kumwuliza nifanyeje, nilizima kila kitu nikaanza kuomba siku saba.

Wanda akasema, "Ulipaswa kufuta daftari la jana baada ya la leo kuandikwa. Basi."

Nikamwambia nilimwogopa.

"Na mimi nilidhani unanidharau," akasema. "Miaka mitatu hujawahi kuniuliza swali hata moja. Wenzako wote wananisumbua."

Tukakaa naye saa tatu. Kila dhoruba tumeikata vipande kumi na vinane, kila kipande saa sita. Kila kipande kinaambiwa kisianze mpaka kilichokitangulia kimalize salama, kisha kinasoma daftari na kuendelea. Nilituma kipande cha kwanza nikainuka kwenda kutafuta kahawa, nikijua ni siku kadhaa. Sikufika hata kwenye ngazi. Wanda akaniita: kimeshaanza. Dakika nne.

Mapengo yapo kila mahali, kama ulivyosema. Leo dhoruba sita zinakwenda kwa pamoja.

Alikuulizia, kwamba huyo dada yangu anafanya kazi kwenye mashine ya chuo gani. Nikamwambia hufanyi kazi kwenye mashine, unapanda minara. Akasema, basi mwambie akichoka na minara aje hapa.

Mdogo wako anayekupenda,
Rémi


Kambini, Jumapili, 20 Mei 2018

Mdogo wangu,

U hali gani? Mimi mzima, na magoti nayo yanasemezana vizuri. Asante kwa heri ya Siku ya Mama. Niliisoma chooni, maana huko pekee ndiko mtu hulia bila kuulizwa.

Hector, msimamizi wetu, aliniona nikicheka na simu, akataka kujua ni mwanamume gani. Ikabidi nieleze. Sasa kwenye ubao wa chumba cha chakula, chini ya hesabu ya vibano, kuna mstari umeandikwa Dhoruba za Rémi, na kila asubuhi watu kumi na wanane wananiuliza ngapi. Juzi nilipokosa barua yako waliandika alama ya kuuliza na Hector akagoma kugawa kazi mpaka nitazame tena. Kwa hiyo nitumie namba kila siku, hata kama ni namba tu. La sivyo genge zima litanichukia.

Mwambie Wanda asante. Mwambie nikichoka nitamkumbuka, lakini chumba kisicho na dirisha siwezi.

Dada yako,
Odette


Halifax, Jumatatu, 28 Mei 2018

Dada,

Shikamoo. Imezimwa saa mbili kamili. Nilikuwa ofisini kwa Wanda, tukaangalia taa za kompyuta zikizimika safu kwa safu. Ni kweli ulivyosema kuhusu ukimya.

Thelathini na nane.

Mbili hazikufika. Alhamisi, katika kila moja ya hizo, kipande kimoja kilishindwa kuandika daftari lake, na vipande vyote vilivyokuwa nyuma yake vikabaki vikimsubiri mwenzao ambaye hatamaliza kamwe. Foleni iliniambia vinasubiri, nami nikaamini vinasubiri zamu yao. Nilikuja kugundua Jumamosi. Dhoruba moja imebakiza vipande viwili, nyingine vitano.

Sasa sikiliza jambo linalonisumbua. Hizi mbili naweza kuzikisia. Nina nyingine zinazofanana nazo, naweza kuchora mistari yake na hakuna profesa atakayeona tofauti. Waliandika arobaini kwenye karatasi. Wewe ungefanya nini?

Mdogo wako,
Rémi


Kambini, Jumatatu, 28 Mei 2018, jioni

Rémi,

Salamu. Nimetoka kushuka, bado nina mkanda kiunoni.

Jukwaa lenye mbao thelathini na nane ni jukwaa zuri, watu watapanda na watafanya kazi. Hatari inaanza pale mtu anapoliandikia arobaini. Atakuja mwingine asiyejua, atakanyaga pale pasipo na ubao.

Si watu watajenga nyumba kwa kufuata hesabu zako za upepo? Waambie thelathini na nane. Waambie wewe, kabla hawajakuuliza.

Ubaoni tumeshaandika. Hector amezungushia duara.

Dada yako


Halifax, Jumanne, 12 Juni 2018

Dada Odette,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye ngazi za nje, bado nimevaa tai.

Niliwaambia kabla ya kitu chochote. Nilisema zilikuwa ziwe arobaini, hizi ni thelathini na nane, mbili zilikatika na sababu ni hii. Nikaonyesha zilipokatikia. Profesa Comeau, mwenyekiti wao, aliandika kitu, hakuinua uso. Nikaendelea. Mlima, upepo, nyumba. Waliniuliza maswali saa nzima, na nusu ya hiyo ilikuwa juu ya vipande na madaftari, maana wawili kati yao wana wanafunzi wanaoomba siku saba.

Wakanitoa nje. Nilikaa kwenye korido dakika ishirini na mbili. Nilifikiri, wakifuta jina langu nitamwandikia nini, na nikaona kwamba kwa mara ya kwanza ningeweza kuandika. Nisingejificha.

Comeau alifungua mlango mwenyewe. Akasema, "Zile mbili utazimaliza mashine ikiwa tayari. Mwezi wa Novemba utatetea tasnifu yako ya udaktari."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, ili wenzake wasisikie, "Ungeweza kuzikisia. Kwa nini hukuzikisia?"

Nikamwambia dada yangu anajenga majukwaa.

Jina langu lipo, dada. Hawakulifuta.

Mdogo wako,
Rémi


Kambini, Jumatano, 13 Juni 2018

Mdogo wangu Rémi,

Nakusalimu sana, daktari wa upepo mtarajiwa. Natumaini tai umeshaivua.

Barua yako niliisoma kwenye chakula cha mchana. Genge lote lilikuwa likinitazama usoni, nami nikampa Hector simu aisome yeye. Akaisoma kwa sauti, vibaya, maana hajui kutamka jina la Comeau. Waligonga meza mpaka mpishi akatoka jikoni kuangalia nani kaumia.

Kila mtu alitegemea nitacheka au nitalia. Unajua kilichonipata? Nilichoka. Nakwambia ukweli, nilichoka ghafla kama mtu aliyekatwa kamba. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikichoka kidogo kidogo na kuweka kando, maana nilikuwa na sababu ya kupanda kesho, na jana ile sababu ilisimama mbele ya maprofesa wanne na kujibu yenyewe. Hector aliniona. Aliniambia nisipande tena leo, nikae chini nihesabu vibano. Nikahesabu. Nilikosea mara tatu.

Waliniomba nibaki mwezi mmoja zaidi kubomoa majukwaa. Nimekataa. Ofisini wameniuliza niandikwe wapi kwenye orodha, nikawaambia wasiniandike kwanza, nitawapigia. Sijui nitawapigia lini. Sijawahi kusema hivyo maishani mwangu na nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine.

Ndege yangu inatua Halifax Ijumaa saa nane mchana. Njoo unipokee, lakini usije na maua, wala usimlete Wanda, nitamwona wiki ijayo nikiwa nimeoga. Usipange tukale mahali. Azima gari lenye kiti kinachoweza kulala hadi nyuma kabisa, na uweke mto. Kutoka hapo hadi Chéticamp ni saa tano, na mimi nataka kuzilala zote. Uendeshe taratibu, usifungue redio. Na tukifika mlangoni kwa shangazi, hata akitoka nje na kuniita, mwambie asubiri. Zima injini, unifunike na koti lako, uniache nilale.

Dada yako,
Odette